Kanuni ya asilimia 15 ndiyo iliyombeba Obama

Tarehe 6 Novemba 2008 Kenya ilifanya sikukuu ya taifa kwa sababu Barack Obama ameshinda urais wa Marekani. Tangu hapo ushindi ule husimuliwa kwa habari za ufasaha wake, baba yake wa Kogelo na vijana waliomchangia kwa intaneti. Ni nadra mtu kutaja kanuni ya kugawa wajumbe, yaani watu wanaomteua mgombea wa chama kwenye mkutano mkuu. Mimi nashikilia kwamba bila kanuni hiyo Obama asingevuka hata kura za mchujo, na aliyeipigania ni Jesse Jackson, mchungaji Mweusi aliyewania urais kabla yake, miaka 20 kabla.

Mgombea wa chama cha Democratic hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa mkutano mkuu, na mchujo ndio unaoamua nani apate wangapi. Mwaka 1984 Jackson alipata kama asilimia 18 ya kura za mchujo. Alipofika mkutanoni San Francisco, wajumbe walimpa kura 465.5 kati ya zaidi ya 3,900, yaani kama asilimia 12. Nyingine zilipotelea wapi? Sehemu nyingi ilibidi ufikishe asilimia 20 ndipo uambulie mjumbe, na kwingine aliyeongoza wilaya ya uchaguzi alizoa wajumbe wake wote. Mpiga kura Mweusi aliyeishi katika wilaya yenye Weusi wachache alipanga foleni, akapiga kura, na kura yake haikumpeleka mtu yeyote mkutanoni.

Mwaka 1988 Jackson alirudi akapata karibu kura milioni 7, Michigan ikiwa miongoni mwa majimbo aliyoshinda. Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts, alimshinda. Wengi wanakumbuka hotuba ya Jackson kwenye mkutano mkuu kule Atlanta, na ilikuwa hotuba kweli, lakini kazi kubwa zaidi ilifanyika mezani: watu wake walibishana na wa Dukakis hadi ikakubaliwa kwamba kuanzia 1992 wajumbe wagawanywe kwa uwiano wa kura, kwa kila anayefikisha asilimia 15.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika wilaya ya wajumbe 4 yenye wagombea wawili, huwezi kupata 3 kwa 1 mpaka uvuke asilimia 62.5. Ukipata 60, ambao ni ushindi mnono, mnagawana 2 kwa 2. Wilaya ya wajumbe 3 ni tofauti: ukizidi nusu kwa kura moja tu, unapata 2. Kampeni isiyojua hili inamwaga fedha pasipo na faida.

Watu wa Obama walilijua. Tarehe 5 Februari 2008 Hillary Clinton, mpinzani wake katika mchujo, alishinda New Jersey, walikopiga kura zaidi ya watu milioni moja, akapata wajumbe 59 dhidi ya 48: faida ya 11. Siku hiyohiyo Obama alichukua Idaho, walikojitokeza watu kama 21,000, kwa 15 dhidi ya 3: faida ya 12. Mwezi uliofuata Clinton alishinda kura za Texas, wajumbe 65 kwa 61, ila wajumbe wengine wa jimbo hilo waligawanywa kwa mikutano ya wanachama ya usiku uleule, ikampa Obama 38 kwa 29. Jumla Obama 99, Clinton 94. Isitoshe, wilaya hupewa wajumbe kwa kadiri ilivyokipigia chama kura chaguzi zilizopita, hivyo mitaa ya Weusi ya Houston, yenye uaminifu wa miaka mingi, ilikuwa na uzito kuliko wilaya za mpakani mwa Mexico zilizompenda Clinton. Kama aliyeongoza angezoa vyote, California, New York na New Jersey zingemaliza kazi mapema.

Jackson hakufanikiwa kila kitu. Wajumbe wanaoingia kwa vyeo vyao, kama wabunge, magavana na viongozi wa chama, walibaki, karibu 800 mwaka 2008, wakiwa huru kumpigia wamtakaye. Mmoja wao, mbunge John Lewis wa Georgia, alikuwa upande wa Clinton. Wapiga kura wa wilaya yake walipomchagua Obama, akahamia kwa Obama. Alifanya sawa, ila wapiga kura walitegemea hiari yake. Ilichukua hadi 2018 chama kuwazuia kupiga kura ya raundi ya kwanza mshindi akiwa bado hajajulikana.