Chumvi Ileile, Vipimo Vitatu

Katika nyumba yenye mtoto mdogo, pakiti ya chumvi hufanya kazi tatu mbali na kupikia: inaingia kwenye udongo wa kuchezea, inafungua pua iliyoziba, na inawekwa kwenye maji ya kunywa mtoto anapoharisha. Kinachotofautisha kazi hizo ni kipimo tu. Maji ya kunywa yanataka gramu 3 za chumvi kwa lita. Matone ya pua yanataka gramu 9 hadi 10 kwa lita. Udongo wa kuchezea, zaidi ya robo ya uzito wake ni chumvi. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na maelekezo yanayosema "weka chumvi kiasi". Mkono unaojua kukadiria mchuzi haujui kukadiria dawa, na aliyekosea mchuzi huishia kulalamikiwa tu.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: seti ya vijiko vya kupimia, bomba la sindano lisilo na sindano yake, na chupa inayojulikana kuwa ni ya lita moja. Vijiko vya chai vya kawaida haviaminiki, kwani kimoja hubeba mililita 3 na kingine 7 ingawa kwa macho vinafanana. Hapa nikisema kijiko cha chai namaanisha mililita 5, kilichofutwa juu kwa mgongo wa kisu, si kilichorundikwa. Kikombe ni mililita 250.

Tuanze na udongo. Kwenye sufuria changanya vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha chumvi laini. Mimina vikombe 2 vya maji, vijiko 2 vya mezani vya mafuta ya kula na vijiko 2 vya mezani vya maji ya limau. Koroga mpaka mabonge yaishe kabla ya kuwasha moto, kwa sababu bonge lililowahi kuiva halivunjiki tena. Ukitaka rangi, itie kwenye maji sasa hivi, maana ukiisubiri mpaka wakati wa kukanda itabaki mikononi zaidi kuliko kwenye udongo. Moto uwe mdogo na mwiko usisimame. Kwa dakika 3 hadi 5 hivi utaona uji mzito, kisha uji unajikusanya, kisha donge moja linaloachana na kuta za sufuria. Hapo epua, subiri lipoe kidogo, kanda.

Wengi huona uvivu kupika, wakachanganya unga mbichi na maji baridi. Huo nao ni udongo, lakini ni mbovu kwa sababu mbili. Wanga haujaiva, kwa hiyo haujafyonza maji, na udongo utanata leo na kumeguka kesho. Pia unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na mtoto atakuwa ameushika saa nzima kabla ya kutia vidole mdomoni.

Udongo uliopikwa ukinata, usiongeze unga. Urudishe motoni dakika moja, kwani tatizo ni maji yaliyobaki. Ukikwaruza kama mchanga, chumvi ilikuwa ya mawe. Safari ijayo iyeyushe kwenye maji ya moto kwanza. Ukipasuka, umekauka, na kuukanda kwa mikono iliyolowa hutosha. Ukitoa jasho ndani ya kopo baada ya siku chache, ni chumvi inayovuta unyevu wa hewa iliyofungiwa humo. Tafuta kopo dogo zaidi linalojaa. Ukiona ukungu, tupa wote, usikate sehemu iliyooza tu. Na kabla ya kumpa mtoto, ukate donge katikati, maana nje hupoa mapema huku ndani kukiwa bado kunaunguza.

Sasa upande ambao maelekezo mengi huuruka. Kipande cha gramu 20, yaani kidonge chenye upana wa sentimita 3, kina zaidi ya gramu 5 za chumvi, karibu kijiko cha chai kizima. Kwa mtoto anayeonja na kutema hakuna shida, ladha yenyewe itamfukuza. Kwa mtoto ambaye bado anameza kila anachokiokota, udongo huu haufai hata akikaa mbele ya macho yako. Mpikie usio na chumvi: utanata zaidi, utakaa kwenye jokofu, na utautupa baada ya siku moja au mbili. Chumvi ndiyo iliyokuwa ikizuia kuoza.

Kazi ya pili ni pua. Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, kwa hiyo ikiziba hanyonyi vizuri, anavuta mara mbili na kuachia akilia. Chemsha maji, yaache yachemke kweli kwa dakika moja (dakika 3 kwenye miinuko mirefu), yapoe, kisha yeyusha nusu kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 300. Matone 2 au 3 kila tundu, mtoto akiwa amelala chali, subiri dakika moja, halafu vuta kamasi taratibu kwa balbu ya kunyonya kamasi. Fanya hivyo kabla ya kunyonya, si baada, la sivyo atatapika. Maji yaliyobaki yamwagwe baada ya saa 24. Yakimchoma pua umezidisha chumvi, na yakiwa na chumvi kidogo mno yatachoma vilevile, kama maji matupu yanavyochoma yakiingia puani.

Kazi ya tatu ndiyo nzito. Maji ya kunywa ya mtoto anayeharisha ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sukari haimo kwa ajili ya ladha. Ukuta wa utumbo una mlango unaopitisha glukosi (aina ya sukari) na sodiamu (iliyomo kwenye chumvi) kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yake, hata wakati kuharisha kumeharibu njia nyingine. Vijiko 6 vya sukari ni kama gramu 25. Utumboni sukari hiyo hugawanyika, nusu yake ikawa glukosi. Pakiti ya ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha) inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002 ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi kwa lita. Vijiko vile, basi, havikubuniwa tu.

Pakiti ikipatikana, tumia pakiti. Ina potasiamu, madini ambayo hutoka mwilini kwa wingi na haimo kwenye maji ya nyumbani. Ya kutengeneza ni ya usiku ule ambao pakiti haipo.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, kipindupindu kimeenea na dripu zinakwisha. Alifungasha chumvi na glukosi zilizopimwa, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Baadaye shirika la BRAC lilifundisha akina mama wa Bangladesh nyumba kwa nyumba, wakitumia chumvi ya kubana kwa vidole vitatu badala ya kijiko. Wanaotetea kukadiria huutaja sana mfano huo. Wanachokiacha ni kwamba mama alifundishwa kubana, na maji aliyotengeneza yalichukuliwa sampuli na kupimwa maabara.

Sukari ikizidi, huvuta maji kuyaingiza utumboni na kuharisha kunaongezeka. Soda na juisi huharibu kwa njia hiyohiyo. Chumvi ikizidi ni hatari zaidi: kiu isiyokatika, kuhangaika, mwisho degedege. Onja mwenyewe kabla ya kumpa. Yakiwa na chumvi kama machozi, yamezidi. Mwaga, anza upya. Usijaribu kuyaokoa kwa kuongeza maji kwa kukisia.

Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji; aliyezidi hapo, 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Kosa la kawaida ni kumpa kikombe kizima kwa sababu anakililia. Tumbo linajaa ghafla, yote yanarudi, na mzazi anahitimisha kwamba "maji hayakai". Kunyonya kusikatizwe. Hospitalini aulizwe daktari kuhusu zinki, ambayo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Na usiyasubiri maji haya yafanye kazi yasiyoiweza: damu kwenye choo, macho yaliyozama, kutokojoa kwa saa 6, ulegevu, kushindwa kunywa, au umri chini ya miezi 6, nenda hospitali huku ukimnywesha njiani.

Tazama sasa hizo chupa mbili mezani, ya pua na ya kunywa. Zote zina maji meupe. Ya pua ina chumvi mara tatu zaidi na haina sukari. Anayeamka saa tisa usiku haoni tofauti, kwa hiyo bandika karatasi yenye jina, tarehe na saa kwenye kila moja. Tena, yule anayeshauri kumpa mtoto maji ya chumvi ili atapike sumu aliyokunywa asisikilizwe. Chumvi hiyo yenyewe imeua watu, na kama alikunywa mafuta ya taa, kutapika kunayapeleka kwenye mapafu.

Dawa nyingine za nyumbani zina maneno machache. Asali hutuliza kikohozi cha usiku, nusu kijiko cha chai kabla ya kulala, lakini kamwe si kwa mtoto asiyetimiza mwaka. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu ndani ya utumbo mchanga, na kuipasha moto hakuziui. Beseni la maji ya moto la kujifukiza ningelifuta kabisa kwenye orodha. Ninachokiona humo ni ajali inayosubiri mguu wa mtoto. Akiungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu, si dawa ya meno, si mafuta. Dakika 20 ni ndefu kuliko unavyodhani, tazama saa.

Dawa ya maji ya homa nayo inataka bomba la kupimia. Parasetamoli hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo, angalau saa 4 kati ya dozi, si zaidi ya dozi 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 150. Chupa ikiandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 6 na ushei; ikiandikwa 250 kwa mililita 5, ni 3. Aliyebadilisha chupa bila kusoma amempa mtoto maradufu. Mtoto chini ya miezi 3 akifikisha nyuzi 38, hapewi dawa kwanza akatazamwa, anapelekwa hospitali.

Kwa yule asiyefaa bado kupewa udongo kuna vichezeo visivyo na chumvi. Manyanga ya chupa ndogo ya plastiki yanataka maharage makavu hadi theluthi tu, yakijaa hayalii, na kifuniko kigandishwe kwa gundi kabla ya kukifunga, kisha kivutwe kwa nguvu zote kesho yake. Haragwe lililoingia puani hufura kwa unyevu na kukwama. Mwanasesere wa kitambaa macho yake yatariziwe kwa uzi. Kifungo hata kikishonwa mara kumi hutafunwa kikatoka. Uzi wowote unaoning'inia usizidi sentimita 20. Kipande chochote kinachopita kwenye bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto.

Udongo uliokwisha usiuache uani wala kwenye mfuko wazi wa taka. Mbwa huvutwa na harufu ya unga akala donge zima, na chumvi ya donge zima inatosha kumuua. Ufunge, uingie kwenye pipa lenye kifuniko, na sufuria iloweke kwenye maji baridi, kwani ya moto huivisha mabaki yakagandamana zaidi.