Max Fisch: kila ukurasa na mwaka wake

Charles Peirce, mwasisi wa pragmatizimu (falsafa inayopima maana ya wazo kwa matokeo yake ya kivitendo), alifariki Aprili 1914 huko Milford, Pennsylvania, bila kuchapisha kitabu kikuu cha falsafa yake. Karatasi zake, maelfu kwa maelfu ya kurasa, mjane wake Juliette aliziuzia Harvard. Nyingi hazina tarehe.

Zilipochapishwa mara ya kwanza zilipangwa kwa mada: juzuu sita kati ya 1931 na 1935, mbili za mwisho 1958. Fungua juzuu ya 5. Inaanza na mihadhara ya 1903, inarudi kwenye makala za 1868, kisha inakuja 1877 na 1878. Tena makala ya 1878 imebandikwa tanbihi alizoandika miaka mingi baadaye. Asiyetazama mwaka huchanganya maneno ya kijana wa miaka 28 na ya mzee wa 63, kisha humlaumu Peirce kwamba anajipinga.

Ndiyo maana namheshimu sana Max Fisch (1900–1995), profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliyejitahidi kuzipa karatasi hizo tarehe. Mwaka 1959 aliombwa aandike wasifu wa Peirce, na hakuumaliza. Wanaosema alishindwa sikubaliani nao hata kidogo. Makala yake ya 1967 ilionyesha, hatua kwa hatua, jinsi Peirce alivyosogea kutoka nominalizimu (dhana za jumla ni majina tu) kuelekea realizimu (mambo ya jumla yapo kweli). Bila tarehe hoja hiyo haijengeki.

Na tarehe haipatikani kirahisi. Unainua karatasi kwenye mwanga kutafuta alama ya kiwanda, unailinganisha na barua zenye tarehe, unachunguza wino na mwandiko, unaangalia kitabu kinachotajwa humo kilitoka lini. Alama ya kiwanda inakwambia tu kwamba maandishi hayatangulii karatasi. Karatasi yenyewe huenda ilikaa kabatini miaka kadhaa. Kibaya zaidi, Peirce alizoea kurudi katikati ya rasimu na kuanza upya, hivyo unakuta kurasa kadhaa zenye namba ileile, kila moja ikiendeleza sentensi kivyake.

Toleo linalofuata miaka lilianza kuandaliwa Indianapolis mwaka 1976, Fisch akiwa mmoja wa nguzo zake, na juzuu ya kwanza ikatoka 1982. Kazi inakwenda polepole: juzuu ya 8 ilitoka 2010, kabla ya ile ya 7. Naona ni heri hivyo kuliko haraka ya 1931.

Kwa anayelitumia bado toleo la zamani, namba ya aya pekee haitoshi. Andika 5.402 (juzuu ya 5, aya ya 402), kisha 1878. Na kama umenukuu tanbihi, weka mwaka wa tanbihi.