Ukuta wa Duka na Mkono wa Mchoraji

Ukizunguka miji ya dunia ukiziangalia kuta, utajifunza upesi kuzisoma. Jina lililopulizwa kwa rangi moja, kwenye kimo cha mkono wa mtu aliyesimama, kwa kawaida halikuombewa ruhusa. Mchoro unaopanda hadi ghorofa ya tatu umehitaji jukwaa, siku kadhaa na mwenye nyumba aliyekubali. Kampala ina aina ya tatu, nayo imejaa kwenye barabara zinazotoka mjini: duka zima, toka msingi hadi paa, lina rangi ya kampuni ya simu. Hiyo hakuna anayeiita uchafu.

Hapo ndipo wachoraji wana haki ya kuuliza. Ukuta unaoruhusiwa kuuza vocha, mbona unyimwe sura ya mama muuza matooke wa soko la Owino?

Mwenye duka naye ana jibu, na si la ushamba. Kampuni huja na rangi na fundi wake. Kijana huja na mchoro, na mara nyingi hana pesa ya kuuandalia ukuta. Chukua ukuta wa mita 10 kwa 3. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, kwa hiyo praima (rangi ya msingi) lita 3 na mikono miwili ya rangi lita 6: lita 9 kabla picha haijaanza. Kopo la kupuliza la mililita 400 hufunika takriban mita 2 za mraba tu, ndiyo maana usuli hupakwa kwa rola na makopo huachiwa nyuso na vivuli.

Anayeruka praima ukuta humuumbua. Plasta mpya inataka siku 28 ikauke. Ikipakwa rangi ya mafuta mapema, ukali wa simenti huigeuza rangi hiyo kama sabuni, inanata kisha inabanduka. Plasta yenye unyevu hutoa chumvi nyeupe na malengelenge. Nusu mita ya chini huliwa na matone ya mvua yanayorusha udongo mwekundu. Jua nalo hufifisha kwanza nyekundu na njano za bei nafuu; rangi za udongo, kama kahawia na nyekundu ya kutu, hudumu zaidi. Mchoro ulioanzwa Aprili, katikati ya masika, umeanza vibaya.

Kwenye tofali la kuchoma lisilo na plasta, namuunga mkono mwenye nyumba moja kwa moja. Tofali hunyonya rangi, na ukisugua kwa brashi ya waya unaondoa ganda gumu lililoiva motoni, mvua ikaingia ndani. Kuandika humo bila kuomba ni kumharibia mtu mali, hata kama ujumbe ni mzuri.

Lakini ruhusa peke yake pia haimlindi mchoraji. São Paulo, Brazil, Januari 2017, meya João Doria alifunika kwa kijivu michoro ya barabara ya 23 de Maio, iliyokuwa imeruhusiwa na uongozi uliomtangulia. Kule kwenye jengo la 5Pointz, New York, wachoraji walikubaliwa na mwenye jengo kwa miaka mingi; Novemba 2013 akapaka kazi zao rangi nyeupe usiku mmoja. Mwaka 2018 mahakama iliwapa wachoraji 21 zaidi ya dola milioni 6. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inayolinda kazi za sanaa, ila ukuta unabaki wa mwenyewe.

Kwa hiyo naona kuta zifunguliwe, lakini kwa karatasi, na mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, awe shahidi: nani ananunua praima, mchoro ukae miaka mingapi, nani anarudia ile nusu mita ya chini kila baada ya mvua, na mchoraji aarifiwe siku ngapi kabla ya kufutwa. Siku 30 zinamtosha kupiga picha ya kazi yake.