Mngefika saa nne

Mimi ni mtoto wa Kibosho, Moshi. Bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa mwaka wa pili wa chuo, nasomea ualimu wa baiolojia. Tulitoka Moshi alfajiri kwa basi la kukodi kwenda Tanga, tairi likapasuka njiani, tukafika ufukweni saa kumi alasiri. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mashina ya minazi. Tukasimama na madaftari yetu, tunayatazama tu. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo akatuuliza tumefuata nini. Tukamwambia tumekuja kuona wanyama wa baharini. Akatuonea huruma: "Leo bamvua, wanangu, maji hujaa sana na kupwa sana. Mngefika saa nne asubuhi mngetembea kwa miguu mpaka kule mwambani."

Tulikula mihogo yake, tukapiga picha, tukageuza usiku uleule. Ripoti niliinakili kitabuni. Nilipata alama nzuri, na alama ile inaniuma hadi leo.

Sasa huu ni mwaka wa kumi na moja naishi Gothenburg, Uswidi, ni fundi wa maabara. Karibu kila kiangazi kazi hunipeleka Kristineberg, kituo cha utafiti wa bahari kando ya Gullmarsfjorden, ghuba nyembamba yenye kina cha zaidi ya mita 100. Kituo kilianza mwaka 1877, mwanabaiolojia Sven Lovén akiwa ndiye aliyekipigania. Nikifika pale humkumbuka yule mama wa mihogo, kwa sababu bahari ya huku haipwi kama yetu. Maji hupanda na kushuka sentimita 30 hivi, basi. Ili mwanafunzi aone kiumbe cha chini inabidi apande boti, wazamishe chombo cha kukokota, wavute tope, walichekeche kwa maji ya baridi mpaka vidole vife ganzi. Kwetu Tanga na Zanzibar, siku za bamvua maji hushuka zaidi ya mita 3 na kuuacha mwamba wazi, ukakanyage mwenyewe kwa ndala. Waliopewa kidogo na bahari wamejenga kituo miaka karibu 150 iliyopita. Sisi wa bara tuliopewa hazina ile tunapelekwa kwa basi la kwenda na kurudi.

Watu wakisikia habari za vituo hivi hufikiria mashine. Mashine zipo, ni kweli, lakini kitu nilichokiona kinamfanya mwanafunzi awe mwanabaiolojia ni kulala pale. Bahari haina ratiba ya vipindi. Kesho maji yatatoka kama dakika 50 baada ya saa ya leo, keshokutwa vivyo hivyo, na bamvua yenyewe hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mwalimu wa Moshi au Arusha mwenye kipindi cha Jumatano saa tatu hawezi kuikamata. Anayeweza ni yule mwenye kitanda hatua chache kutoka majini.

Usiku mmoja pale Kristineberg niliwakuta wanafunzi watatu maabara, saa saba, wamevaa soksi na blanketi mabegani. Walikuwa wamerutubisha mayai ya yule mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba, ambaye pwani ukimkanyaga unachechemea wiki nzima. Walikuwa wanapokezana hadubini, wanasubiri seli moja iwe mbili. Ilipogawanyika, binti mmoja aliziba mdomo kwa mkono. Mayai ya mnyama huyohuyo ndiyo mwanabaiolojia Mwingereza Tim Hunt aliyoyatumia kiangazi cha 1982 katika kituo cha bahari cha Woods Hole, Marekani, alikokwenda kufundisha, akagundua protini inayojengeka na kutoweka kila seli inapogawanyika. Mwaka 2001 ikampatia Nobeli. Maarifa hayo, ambayo sasa yamo katika vitabu vya saratani, yalitoka katika ndoo ya maji ya chumvi.

Kuna wazo la zamani ninalotamani tulichukue lilivyo. Anton Dohrn, mwanabaiolojia Mjerumani aliyeanza kujenga kituo cha bahari cha Napoli, Italia, mwaka 1872, hakusubiri kila chuo kijenge chake. Alikodisha meza. Serikali au chuo kililipia meza moja kwa mwaka, na mtu wake akifika anakuta maji ya bahari yanatiririka, wanyama wameshaletwa, kemikali ziko tayari, maktaba iko wazi. Hebu fikiria vyuo vya ualimu vya Arusha na Moshi vikichangia meza chache Tanga, na vitanda vyake. Hata mbili tu.

Na mtu asiniambie hatuwezi. Mweka, chuo cha wanyamapori, iko juu kidogo ya mji wetu tangu 1963. Tumekua tukiona malori yakishuka na mahema na wanachuo wanaokwenda kuishi porini, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba tembo hafundishwi ubaoni. Basi kaa na pweza wamekosa nini? Zanzibar nako kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inafanya kazi kubwa. Ila mwalimu mtarajiwa wa Arusha ambaye miaka ijayo atafundisha mamia ya watoto wa bara hana njia ya kuifikia, na huyo ndiye ninayemlilia. Profesa Keto Mshigeni, bingwa wetu wa mwani, alitoka Upare, kwenye milima. Watu wa milimani hatuogopi maji, tunakosa tu mahali pa kulala.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, anayesomea ualimu Arusha, aliniomba nimtumie video za wanyama wa baharini. Nilimtumia nauli, na jedwali la kupwa na kujaa kwa maji. Nikamwambia: nenda Tanga mwezi ukiwa mpevu, lala siku tatu, tafuta kina mama wanaokwenda kuvua pweza, uwaamkie vizuri, uwaombe wakuchukue. Akaenda na wenzake wawili.

Siku ya pili, saa tano kasoro ya kwao, simu yangu ikalia. Picha ya kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, kimegeuzwa juu ya kiganja chake, na sauti ya upepo kwenye ujumbe: "Shikamoo mjomba! Chini kina miguu midogo mingi mno, na yote inatembea! Mwalimu alituchorea nyota tu!"