Hizo dakika tano za kujiandikisha kura

Juzi asubuhi nlikuwa nakaanga mahamri hapa nje, Likoni, Mombasa, akapita kijana mmoja wa kampeni na tisheti yake mpya, akawasimamia vijana waliokaa barazani akaanza kuwapigia kelele ati nyinyi ndio mnatuangusha, wavivu nyinyi, kujiandikisha kura ni dakika tano tu na mmekaa hapa mnabonyeza simu. Mie nikacheka mpaka mahamri mawili yakaungua.

Dakika tano ni kweli, simbishii. Ukishafika mbele ya karani weka vidole, piga picha, jina lako ndilo hili, haya chukua kikaratasi uende. Lakini hizo ni dakika za mwisho. Za kabla yake hakuna anayezihesabu.

Haya hebu tuhesabu. Kwenye baraza ile ile kulikuwa na mtoto wa dadangu, 18 ashapita zamani sasa aingia 20. Kujiandikisha lazima uwe na kitambulisho au paspoti, na paspoti utaiombea nini kama huna kitambulisho, kwa hivyo mambo yote yaanzia kwa kipande, yaani kitambulisho. Akaenda ofisini mara ya kwanza, lete cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, fotokopi. Akaleta. Mara ya pili, lete barua ya chifu. Chifu yuko mkutanoni, kesho pia yuko mkutanoni. Mara ya tatu akaulizwa babu yake alizaliwa wapi na kitambulisho cha babu kiko wapi. Babu mwenyewe alikufa huyu mtoto hata hajazaliwa! Na rafiki yake mwenye jina la bara, walioenda pamoja siku hiyo hiyo, dirisha hilo hilo, hakuulizwa habari ya babu wala bibi. Mtu wa pwani mwenye jina la Kiislamu kama letu hahitaji nimueleze zaidi.

Wenzetu wa kaskazini mashariki, Wajir, Mandera na Garissa, wameona zaidi yetu, wao walikuwa wakipigwa msasa na kamati miaka na miaka kabla ya kupewa kipande. Februari 2025 rais Ruto alienda Wajir akatia saini kwamba hayo mambo yamekwisha. Vizuri, nlishukuru kusikia, lakini saini ya Wajir mpaka ifike kwa yule karani wa dirishani ni safari nyingine. Na hapa kwetu mnakumbuka Wamakonde wa Kwale, asili yao Msumbiji lakini watu waliozaliwa hapa hapa na wazazi wao wakazikwa hapa hapa, mwaka 2016 ilibidi wafunge safari kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho. Wapemba nao wakangoja mpaka 2023. Sasa mtu ashike njia kwa miguu toka Kwale akitafuta kipande halafu uniambie tatizo ni uvivu?

Na hata hao waliokuwa na vitambulisho mfukoni hawakuwa na tume kamili ya kuwaandikisha. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila mwenyekiti wala makamishna tangu Januari 2023 mpaka Julai 2025, miaka miwili na nusu, kuna maeneo mbunge alikufa na watu wakakaa hivyo hivyo bila mbunge kwa sababu hakuna wa kuitisha uchaguzi mdogo. Usajili wenyewe wa kila siku ulirudi tarehe 29 Septemba 2025. Ina maana mtoto aliyetimiza 18 mwaka 2023 au 2024 alikuta tume haina wenyewe, na ni watoto hao hao walioingia barabarani kuandamana Juni 2024 wakaambiwa mkitaka mabadiliko ngojeni muende kwa debe la kura. Debe gani.

Nakubali kuna wanaopuuza, siwezi kudanganya. Oktoba 2021 tume ilitoka kutafuta wapiga kura wapya milioni 6 kwa mwezi mmoja wakapata kama milioni moja na nusu, na 2022 vijana kwenye daftari walikuwa wachache kuliko 2017, wakati sensa inatuambia vijana ndio wengi. Hiyo yote si foleni wala kipande, wengine wamekata tamaa tu. Lakini mtu hukata tamaa na kitu alichokijaribu, au alichomuona nduguye akikijaribu akarudi mikono mitupu mara tatu.

Halafu kuna siku yenyewe ya kura. Jirani yangu huparua samaki pale ufukweni, vidole vyake vimelika na magamba na chumvi mpaka havina alama. 2022 mashine ilimkataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, akaambiwa jipanguse, akajipangusa kwa leso, ikakataa, nyuma yake watu wanaguna kama kwamba ni makosa yake. Mwisho karani akamtafuta kwa namba ya kitambulisho akapiga kura, lakini alirudi nyumbani amenuna siku nzima akasema yeye amejihisi kama mwizi.

Na sisi wa Mombasa mwaka huo tulipiga kura mara mbili, watu wa bara huwa wanasahau hili. Siku moja kabla ya 9 Agosti tukaambiwa uchaguzi wa gavana kwetu na Kakamega umeahirishwa, makaratasi ya kura yana picha na majina yasiyokuwa ya wagombea wenyewe. Ikasemwa tarehe 23, ikaahirishwa tena, mwisho ikawa 29. Kwa hivyo tarehe 9 nlipewa karatasi tano badala ya sita, kisha nikarudi tena foleni kwa ile moja. Kwa mtu wa mshahara labda si kitu, mie nikiacha karai siku moja ile faida haiji kesho yake, na unga wa deni dukani unaningojea pale pale. Nlienda zote mbili, na foleni ya pili nliona kwa macho yangu watu walivyopungua.

Laini ya simu nasajiliwa chini ya mwavuli, kando ya barabara, saa moja usiku, na yule kijana wa mwavuli ndiye aniitaye mie, mama njoo. Kwa nini mashine ya kura isikae hapo karibu na feri jioni watu wakirudi kazini? Au Kongowea alfajiri, sokoni, walipo watu? Ofisi ya tume ya eneo bunge yafunguliwa saa zile zile ambazo mtu wa kibarua yuko kibaruani, kisha jioni tunaimbiwa redioni tujitokeze kwa wingi.

Mtoto wa dadangu ashapigwa picha sasa, ana kikaratasi cha kungojea, amekikunja vizuri ndani ya kava ya simu. Kila Jumatatu huenda kuuliza, vuka feri, ambayo kwa waendao kwa miguu ni bure, alhamdulillahi angalau hiyo.

Ah na yule kijana wa tisheti. Alipomaliza kupiga kelele akaja kununua mahamri, nikamuuliza na wewe mwanangu wapigia kura wapi? Akasema amejiandikisha kwao bara, huku ana miaka mitatu, kura bado hajaihamisha, hajapata nafasi ya kwenda ofisini. Nikamfungia mahamri yake manne na mbaazi akaenda zake.