Hakukusudia, lakini dakika mbili ni zake

Beki amebanwa karibu na lango lake. Anaipiga ile paki, kisahani cha mpira mgumu kinachochezewa hoki ya barafu, ili tu itoke kwenye hatari. Inaruka juu ya kioo kinachozunguka uwanja na kuangukia kwa watazamaji. Refa ananyoosha mkono: amechelewesha mchezo, atoke nje dakika mbili. Wenzake wanabaki wanne dhidi ya watano, ukiacha makipa.

Hapa Malindi barafu tunayoijua ni ya samaki, lakini ugomvi wenyewe si mgeni kwetu. Hakukusudia, wanasema, mbona aadhibiwe?

Wanaosema hivyo wana hoja. Barafu huchakaa kadiri mchezo unavyokwenda, paki ikawa inarukaruka, na pasi ya kawaida ikapaa. Pendekezo lao pia si baya: kosa hili lihesabiwe kama la kuisukuma paki kutoka nusu yako hadi mwisho wa uwanja wa pili. Hapo mchezo hurudishwa kwako, na huruhusiwi kubadilisha wachezaji waliochoka. Inatosha, wanasema.

Ila tukumbuke palivyokuwa kabla ya msimu wa 2005/06. Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, beki aliadhibiwa refa akiona amefanya makusudi tu. Na makusudi utayaonaje? Mchezaji wa hoki akijua kazi yake, hukosea kwa ustadi. Saa ya hoki husimama filimbi inapolia, kwa hiyo aliyeitoa paki nje haibi sekunde hata moja. Anachoiba ni pumzi. Wachezaji huingia kwa zamu fupi, mara nyingi chini ya dakika moja, halafu hupokezana. Wapinzani wakikufungia kwenye eneo lako mpaka miguu ikagoma, uchovu huo wameutolea jasho. Filimbi moja inaufuta wote. Ndiyo maana nasema sheria ya sasa, isiyouliza nia, haimwonei beki: inamlinda aliyekuwa akishambulia, ambaye kwenye malalamiko haya hatajwi kabisa.

Halafu kuna hili la ukali. Timu yenye mtu wa ziada hufunga takriban mara moja katika kila nafasi tano. Maana yake, mara nne kati ya tano beki wetu hurudi uwanjani hakuna kilichoharibika. Goli likiingia, adhabu inaishia hapo hapo, hata kama zimebaki sekunde tisini. Moja kwa tano ni bei ya kulipika. Nakubali, katika muda wa ziada wa mechi ya mtoano, goli la kwanza likiwa ndilo la ushindi, bei hiyo inauma sana. Lakini hapo ndipo mtu huwa na hamu kubwa zaidi ya kuitoa nje.

Soka limefika hapo kwa njia ndefu. Kwa miaka mingi kipa alipewa sekunde sita kushika mpira, na adhabu ilikuwa frikiki isiyo ya moja kwa moja ndani ya boksi. Marefa waliiona nzito, wakafumba macho. Tangu Julai 1, 2025 sheria inampa sekunde nane, refa anahesabu tano za mwisho kwa vidole hadharani, na akipitisha ni kona. Adhabu imepungua, lakini sasa inatoleka.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Mechi za mitaani huanza baada ya alasiri, viwanja vingi havina taa, na magharibi haingoji mtu. Kipa anayelala chini akishika goti dakika ya themanini anajua dakika za nyongeza hazitatosha kurudisha alichochukua. Na refa ni kijana wa mtaa huo huo, kesho atakutana na mashabiki sokoni. Ukimtaka aseme kipa anadanganya, umemtaka amwite mtoto wa watu mwongo mbele ya kaka zake. Vidole vitano havimwiti mtu mwongo.

Waandaaji wa ligi waliseme hili kabla ya mpira kuanza, manahodha wote wakiwapo: kipa akishika mpira, refa atahesabu, na kona itatolewa hata dakika ya 89 timu ya nyumbani ikiongoza.