Neno "Kaskazini" na gharama yake kwa Skopje

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua jina la Makedonia tangu utotoni, kwani katika Matendo ya Mitume sura ya 16 Paulo anaona usiku mtu amesimama akimsihi, "Vuka, uje Makedonia utusaidie." Paulo akavuka, na miji aliyohubiri baada ya hapo, yaani Filipi, Thesalonike na Beroya, yote mitatu imo leo ndani ya Ugiriki. Hakuna hata mmoja ulio katika nchi iliyojitangazia uhuru mwaka 1991 kwa jina la Jamhuri ya Makedonia, na ambayo tangu Februari 2019 inaitwa rasmi Jamhuri ya Makedonia Kaskazini, mji mkuu wake ukiwa Skopje. Jambo hilo la jiografia ndilo chimbuko la malalamiko ya Wagiriki, na anayetaka kuuelewa mgogoro uliodumu kwa takriban miaka 27 hana budi kuanzia hapo, ingawa kwa maoni yangu hoja hiyo haikuwa na uzito wote ambao Athens iliutwika.

Makedonia ya karne za karibuni ilikuwa eneo, si nchi. Kwa karne tano hivi lilitawaliwa na Milki ya Osmani, na ndani yake waliishi pamoja Waslavi, Wagiriki, Waturuki, Waalbania, Wayahudi na wengineo. Vita vya Balkani vya 1912 na 1913 viliwaondoa Waosmani, na Mkataba wa Bucharest wa Agosti 1913 ukawagawia washindi ardhi hiyo: Ugiriki ikapata zaidi kidogo ya nusu, Serbia karibu asilimia 40, na Bulgaria fungu dogo la takriban sehemu moja ya kumi. Fungu la Serbia ndilo ambalo mwaka 1944, chini ya Tito, lilitangazwa kuwa mojawapo ya jamhuri za Yugoslavia. Kwa hiyo Yugoslavia ilipovunjika, nchi yenye watu wapatao milioni mbili ilibaki na jina ambalo majirani zake wawili nao wanalitumia kwa sehemu za ardhi yao wenyewe.

Hofu ya Wagiriki haikuzuka hewani. Katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1946 hadi 1949, jeshi la wakomunisti lilikuwa na wapiganaji wengi waliozungumza Kislavi kutoka kaskazini mwa nchi, na kwa muda mrefu liliungwa mkono na Yugoslavia, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeunda jamhuri yenye jina la Makedonia mpakani. Mgiriki aliyeyaona hayo alikuwa na sababu ya kuliona jina kama dai la ardhi lililovikwa kanzu ya utamaduni. Halafu mwaka 1992 bunge la Skopje likachagua bendera yenye jua la miale 16, alama iliyofahamika zaidi kutokana na makaburi ya kifalme ya Makedonia ya kale huko Vergina, ambayo mwanaakiolojia Manolis Andronikos aliyafukua mwaka 1977, na Vergina iko Ugiriki. Katiba ya mwaka 1991 nayo, katika ibara ya 49, iliitaka dola iangalie hali ya watu wa taifa lake wanaoishi nchi za jirani. Mtanzania aliyefundishwa shuleni kusema Ziwa Nyasa, na ambaye anajua kwamba ramani za Malawi zinaandika Ziwa Malawi na kuuchora mpaka ufukweni mwa mashariki, hatashangaa sana kuona jinsi jina na mpaka vinavyoweza kusafiri pamoja. Mnamo Februari 1992 umati mkubwa, unaokadiriwa kufikia watu milioni moja, ulijaa mitaa ya Thessaloniki kupinga jina hilo.

Hata hivyo hofu yenye sababu haimpi mwenye nayo haki ya kila anachokidai. Jamhuri hiyo changa haikuwa na jeshi la kuitisha Ugiriki, mwanachama wa NATO tangu 1952, na mapema mwaka 1992 ilirekebisha katiba yake kwa kutamka kwamba haina madai yoyote ya ardhi ya jirani. Tume ya wanasheria iliyoundwa na Jumuiya ya Ulaya chini ya Mfaransa Robert Badinter ilipima suala hilo Januari 1992, ikaona kuwa nchi imetimiza masharti ya kutambuliwa na kwamba jina lenyewe haliwezi kuchukuliwa kuwa dai la ardhi. Viongozi wa Jumuiya waliliweka kando shauri hilo, na Juni mwaka huo, wakiwa Lisbon, walisema wataitambua nchi hiyo kwa jina lisilo na neno Makedonia ndani yake. Jambo lisilosemwa sana Athens ni kwamba hadi mwaka 1988 wizara iliyosimamia eneo hilo la Ugiriki iliitwa Wizara ya Ugiriki ya Kaskazini. Ni mwaka huo ndipo ilipobadilishwa ikawa Wizara ya Makedonia na Thrakia.

Upande wa Skopje una pia jeraha ambalo watazamaji wa mbali hawalioni. Katika Makedonia ya Kigiriki vijiji vya Waslavi vilibadilishwa majina kati ya vita kuu mbili, na chini ya udikteta wa Metaxas, ulioanza 1936, lugha yao ilipigwa marufuku. Maelfu walikimbia vita vilipokwisha mwaka 1949, wakiwamo watoto wengi, na Ugiriki ilipofungua mlango kwa wakimbizi mwaka 1982 iliufungua kwa wale tu waliohesabiwa kuwa Wagiriki kwa asili. Mzee aliyezaliwa katika kijiji karibu na Florina na kuzeekea Skopje, akiambiwa kwamba sasa hata taifa lake libadili jina, hawezi kuliona hilo kama suala la diplomasia peke yake.

Hapa Afrika tunao mfano unaotusaidia kupima mambo. Mwaka 1975 nchi ya Dahomey ilijiita Benin, ilhali ufalme mashuhuri wa Benin, pamoja na mji wake na Oba wake, uko Nigeria. Ghana nayo ilipopata uhuru mwaka 1957 ilichukua jina la dola ya kale iliyokuwa mbali, katika ardhi ya Mauritania na Mali za leo. Hakuna aliyefunga mpaka kwa sababu hiyo. Nadhani tofauti ni kwamba Nigeria haikuwa na kumbukumbu ya vita iliyofungamana na jina la Benin, na wala Dahomey haikudai kuwa wafalme wa Benin ni babu zao. Ugiriki ilikuwa na la kwanza, na baadaye Skopje, kwa mikono yake yenyewe, ikaipatia la pili.

Kabla ya kufika huko, tukitazame kwanza kichekesho cha New York. Aprili 1993 nchi hiyo ilikubaliwa katika Umoja wa Mataifa kwa jina la muda la Jamhuri ya Zamani ya Kiyugoslavia ya Makedonia. Kwa kuwa Athens haikutaka iketi kwenye herufi M, na Skopje haikutaka ijulikane kwa neno "zamani", ilipangwa kwenye T, herufi ya kibainishi cha Kiingereza "the" kinachotangulia jina hilo, jirani na Thailand. Bendera yake haikupandishwa hadi ilipobadilishwa mwaka 1995. Februari 1994 Ugiriki iliiwekea vikwazo vya biashara vya miezi ishirini, ikaifungia bandari ya Thessaloniki nchi isiyo na bahari. Mapatano ya Muda yaliyotiwa saini New York Septemba 1995 yaliondoa vikwazo kwa masharti kwamba bendera ibadilishwe, nayo Ugiriki isiizuie nchi hiyo kujiunga na mashirika ya kimataifa ikiwa itatumia jina la muda. Msuluhishi wa Umoja wa Mataifa, Mmarekani Matthew Nimetz, aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi kwa mshahara wa dola moja kwa mwaka.

Ugiriki haikuliheshimu sharti hilo. Katika mkutano wa NATO mjini Bucharest, Aprili 2008, mwaliko wa Skopje ulikwama kwa pingamizi la Athens, na Desemba 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua, kwa kura 15 dhidi ya moja, kwamba Ugiriki ilikiuka mapatano ya 1995. Mahakama ilisema hivyo na basi. Mlango wa NATO haukufunguka. Serikali ya waziri mkuu wa Skopje, Nikola Gruevski, nayo, badala ya kuitumia hukumu hiyo kama silaha ya kisheria, iliendelea na mradi wa kuijaza Skopje sanamu na kuta za kuiga ukale. Uwanja wa ndege ulikuwa umepewa jina la Aleksanda Mkuu, mfalme wa Makedonia ya kale, tangu mwishoni mwa 2006, na mwaka 2011 ikasimamishwa katikati ya mji sanamu kubwa ya mpanda farasi, ambayo jina lake rasmi lilimtaja shujaa tu, ingawa kila mpita njia alijua ni nani. Waslavi walifika Balkani takriban karne tisa baada ya Aleksanda kufa, na wanahistoria wengi wa Skopje kwenyewe waliuona mradi huo kuwa aibu. Kwa miaka kumi Gruevski aliwaandalia wapinzani wake wa Athens ushahidi waliokuwa wakiutafuta tangu 1992.

Suluhu ilipatikana pale serikali mbili ambazo hazikuutaka mtaji wa kisiasa wa ugomvi huo zilipokuwa madarakani kwa wakati mmoja, ile ya Zoran Zaev huko Skopje na ile ya Alexis Tsipras huko Athens. Tarehe 17 Juni 2018, katika kijiji cha Psarades ufukweni mwa Ziwa Prespa, mawaziri wa mambo ya nje Nikola Dimitrov na Nikos Kotzias walitia saini mkataba ambao, nikiusoma, naona ustadi wake uko katika kulipasua neno moja vipande vitatu. Dola itaitwa Makedonia Kaskazini, na jina hilo litatumika kwa wote, nje na ndani, hata katika katiba. Hilo ndilo Ugiriki ililipwa. Lugha itaendelea kuitwa Kimakedonia, kwa maelezo kwamba ni miongoni mwa lugha za Kislavi cha kusini, na uraia utaandikwa "Mmakedonia/raia wa Jamhuri ya Makedonia Kaskazini". Hilo ndilo Skopje ililipwa. Kisha ibara ya 7 inakiri kwamba pande mbili zinapotamka "Makedonia" kila moja inakusudia historia na urithi tofauti, na kwamba ustaarabu wa Kigiriki wa kale hauhusiani na watu wa kaskazini. Ni nadra kuona mataifa mawili yakiandika katika sheria kwamba neno wanalogombania lina maana mbili.

Wapinzani hawakukosa hoja. Kura ya maoni ya 30 Septemba 2018 iliuliza kuhusu kujiunga na Umoja wa Ulaya na NATO kwa kuukubali mkataba, bila kulitaja jina jipya, na ingawa zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura waliitikia ndiyo, waliojitokeza hawakufika asilimia 37, ilhali sheria ilitaka nusu ya walioandikishwa. Rais Gjorge Ivanov alikataa kutia saini sheria ya kuuridhia. Serikali ikaihesabu kura hiyo kuwa ya ushauri, na Januari 2019 ikapata kura 81 kati ya 120 za kubadili katiba, kwa msaada wa wabunge kadhaa waliojitenga na upinzani. Kisheria ilitosha. Kisiasa, taifa lililobadilishwa jina huku walio wengi wakibaki nyumbani linabaki na kidonda, na sioni namna ya kulikanusha hilo hata kwa mtu anayeuunga mkono mkataba, kama ninavyouunga mkono. Athens nako uliridhiwa kwa kura 153 kati ya 300, baada ya mshirika wa Tsipras, Panos Kammenos, kujitoa serikalini. Tsipras alishindwa katika uchaguzi wa Julai mwaka huo. Aliyemshinda, Kyriakos Mitsotakis, aliupinga mkataba akiwa upinzani na ameushika akiwa waziri mkuu. Baba yake, Konstantinos, aliongoza serikali iliyoanguka mwaka 1993 kutokana na suala hilohilo.

Kwa upande wa NATO ahadi ilitimizwa, na nchi hiyo ikawa mwanachama wa thelathini mnamo Machi 2020. Upande wa Umoja wa Ulaya ndiko hesabu ilikoharibika. Oktoba 2019 Ufaransa ilizuia mazungumzo ya uanachama kuanza, na Novemba 2020 ikafuata Bulgaria, nchi ileile iliyokuwa ya kwanza kuitambua dola hiyo Januari 1992, kwa jina lake la Makedonia, bila kukubali kwamba kuna taifa wala lugha yenye jina hilo. Bulgaria hudai kuwa lugha hiyo ni lahaja ya Kibulgaria, na kwa mujibu wa mwafaka wa mwaka 2022 Skopje inatakiwa ibadili katiba tena, safari hii kuwataja Wabulgaria miongoni mwa watu wake. Kwa Ugiriki kulikuwa na neno la kuongeza. Kwa Bulgaria kinachojadiliwa ni kile hasa ambacho mkataba wa Prespa ulikilinda.

Haishangazi basi kwamba Mei 2024 wapiga kura walikirudisha madarakani chama cha VMRO-DPMNE, kilichokuwa cha Gruevski, wala kwamba rais mpya, Gordana Siljanovska-Davkova, alipokula kiapo aliita nchi yake "Makedonia" na balozi wa Ugiriki akatoka ukumbini. Alikuwa anakiuka mkataba, na Athens ilikuwa na haki ya kulalamika. Miezi mitatu kabla ya hapo pasipoti za zamani zilikuwa zimekoma kutumika, na raia walikuwa wameshapanga foleni kuchukua mpya zenye neno "Kaskazini". Oktoba mwaka huohuo Albania, ambayo ombi lake lilikuwa limefungamanishwa na la Skopje kwa miaka kadhaa, ilitenganishwa nayo ikafungua sura zake za kwanza za mazungumzo na Umoja wa Ulaya. Haikuwa imetakiwa kubadili jina.